Ugonjwa wa Wazee

Swafiya wa kisiwani Pate alikuwa mpambaji wa maharusi. Hakuwa na duka wala kibao mlangoni. Alikuwa na mfuko wa hina, kikopo cha piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwilini, na njiti alizozichonga mwenyewe mpaka ncha zikawa nyembamba kama sindano. Akiitwa, alikwenda, akakaa mkekani, akauweka mguu wa bibi harusi mapajani mwake, na mchana wote ukapita hapo. Wasichana walimpenda kwa sababu aliwaambia mambo ambayo mama zao waliona haya kuyasema. Mama zao nao walimpenda kwa sababu aliyoyaona ndani ya nyumba za watu hakuyatoa nje.

Alichelewa kuolewa. Ujana wake aliumalizia kwa babake, Bwana Shuaib, mkulima wa tumbaku, ambaye siku moja alirudi kutoka shambani akiburura mguu, mdomo umekwenda upande na maneno hayatoki. Kiharusi. Swafiya alimlisha, alimgeuza ubavu, alimfuta mate, akajifunza kujua ni sauti ipi ya kiu na ni ipi ya maumivu. Alipomzika alikuwa ameshakuwa mwanamke mzima. Alipokuja kuposwa na Fahmi, fundi wa lipu aliyekuwa akipata kazi upande wa Kililana karibu na bandari mpya, alijiambia kwamba fungu lake la kuuguza amekwisha kulimaliza, sasa Mungu amjaalie kuishi kama watu.

Wakapata mtoto wa kike, Rawiya. Alikuwa mwembamba, macho yake yana umanjano, na tangu uchanga viganja vyake vilikuwa vikivimba bila sababu. Siku za mvua alilia mifupa. "Baridi yabisi," walisema wote, na bibi yake, Bi Tima, mamake Fahmi, alimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopikwa na karafuu mpaka akapata usingizi. Zahanati walimpa dawa ya maumivu na mara nyingine dawa ya malaria, naye alipata nafuu, akaumwa tena, akapata nafuu. Watu wakazoea. Ukimzoea mtoto mgonjwa unasahau kwamba ni mgonjwa, unasema tu ndivyo alivyo.

Na Rawiya alikuwa na jambo lililowasahaulisha zaidi: mdomo. Alikuwa msemaji. Alisema akila, alisema akiogeshwa, alisimulia ndoto zake kwa wauza samaki. Bi Tima alimwita kasuku. Akifuatana na mamake kwenye nyumba za harusi, hakuna mwanamke aliyechoka kukaa, maana Rawiya aliigiza sauti ya kila mtu mjini, kuanzia mwalimu wa chuo cha Kurani mpaka mwenye boti aliyeudhika.

Ilikuwa asubuhi, nyumbani kwa akina Aaliya. Aaliya alikuwa ndiye bibi harusi, mkono mmoja umekwisha kuchorwa, wa pili Swafiya ameuanza. Rawiya, aliyekuwa karibu na miaka minane wakati huo, aliambiwa alete kikopo cha piko. Alikiokota, akapiga hatua, kikopo kikamponyoka, piko nyeusi ikamwagika juu ya mkeka mpya.

"We Rawiya!" Swafiya alifoka bila kuinua kichwa. "Una mikono ya nini?"

Mtoto hakujibu. Hilo ndilo lililomfanya mamake ainue uso, maana Rawiya hakuwahi kukosa jibu. Alimwona amesimama anautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Akafungua kinywa. Ikatoka sauti nzito isiyo neno. Akajaribu tena, akashangaa mwenyewe, na alipotaka kulia upande mmoja wa uso ukajikunja na upande wa pili ukabaki umelala. Kisha goti likamwishia nguvu, akaanguka.

Swafiya aliujua uso ule. Aliufuta mate miaka mingi. Neno lilimfika kooni, kiharusi, akalimeza, kwa sababu lilikuwa neno la wendawazimu. Kiharusi ni ugonjwa wa wazee, wa watu wa presha na sukari. Mtoto ambaye hajang'oa meno yote ya utoto anakipatia wapi? Macho yake yalimwambia na akili yake ikakataa, na mbele ya wanawake wote wale waliokwisha kupiga mayowe, aliifuata akili.

"Kapitiwa na shetani," mmoja alisema. "Nyumba hii ina kisima cha kale."

"Mpeni mai anywe!"

Walimpa maji. Yakatokea pembeni mwa mdomo, mengine yakampalia akakohoa mpaka macho yakamtoka. Walimbeba nyumbani. Bi Tima alituma kwa shehe, sahani nyeupe ikaandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji ya waridi, na lile kombe akajaribu kumnywesha mjukuu wake kwa kijiko. Nalo likamwagika shingoni, likaacha alama ya manjano kwenye kanzu. Kisha Rawiya akalala. Alilala kwa utulivu, na utulivu ule ukawadanganya.

"Muacheni apumzike," alisema Bi Tima. "Akiamka atakuwa Rawiya wetu, inshallah."

Swafiya alikaa kando yake. Kila mara aliuinua ule mkono wa kulia akauachia, nao ukaanguka kama kitambaa. Alasiri alimpigia simu mumewe Kililana. Fahmi alisema, "Mpeleke Amu." Lakini boti ya mwisho ya kuvukia Amu, yaani Lamu, ilikuwa imeshaondoka gati la Mtangawanda, na mwenye boti ya kukodi alikuwa Faza, akasema atakuja alfajiri. Swafiya hakulazimisha. Bado alikuwa anangoja mtoto aamke.

Rawiya aliamka alfajiri, na hakuwa Rawiya wao. Walimpakia kwenye pikipiki, Swafiya nyuma amemkumbatia, wakaenda gatini, wakavuka.

Daktari wa Amu alimpima kwa muda mfupi. Alimwambia aonyeshe meno, akamwinua mikono yote miwili, akamwangalia weupe wa macho. Kisha akamgeukia mama.

"Mtoto huyu ameshawahi kupimwa selimundu? Ule ugonjwa wanaouita sikoseli?"

"Sijui ni nini, daktari."

"Huumwa na mifupa?"

"Tangu mdogo. Ni baridi yabisi."

Daktari alichukua damu. Akamtundikia maji, akamwekea hewa puani, akapiga simu Mombasa. Siku ile ile wakavushwa hadi bara, Mokowe, wakaingizwa kwenye gari la wagonjwa, na ile barabara ndefu ikaanza. Fahmi aliwakuta Mokowe na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alipanda mbele karibu na dereva. Njia nzima hakugeuka nyuma, na Swafiya alijua ni kwa sababu hawezi.

Mombasa kulikuwa na daktari wa watoto aitwaye Maram, mwanamke wa makamo, msemaji wa taratibu. Baada ya picha ya kichwa aliwaita wote wawili, akawakalisha. Hakuwaficha.

"Mwanenu amepata kiharusi," alisema.

Fahmi alicheka, kicheko kifupi kibaya. "Kiharusi? Daktari, huyu ni mtoto."

"Watoto hupata. Si wengi, lakini hupata, hata walio tumboni. Wengine kwa moyo wenye kasoro, wengine kwa homa ya uti wa mgongo, na huku kwetu pwani wengi kwa sababu hii ya Rawiya." Alichukua karatasi akawachorea. Chembe za damu za mtu mwingine ni duara, laini, zinapita. Za Rawiya hujikunja kama mundu, huwa ngumu, hugandana. Zikiziba mfupani, mfupa huuma. Hayo ndiyo maumivu yake ya miaka yote. Zikiumiza na kuziba mshipa unaopeleka damu kichwani, sehemu ile ya ubongo hukosa hewa, ikafa. "Kwake imekufa upande wa kushoto. Huko ndiko kunakotawala mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno."

"Maneno," alirudia Swafiya.

"Ndiyo, mama."

"Yatarudi?"

"Baadhi, huenda. Ubongo wa mtoto hujifunza upya kuliko wa mzee. Lakini kilichokufa hakifufuki." Akachukua kalamu. "Ilianza lini hasa?"

Swafiya alimweleza. Kikopo, kisima, maji, kombe, usingizi. Alieleza yote huku akitazama sakafu. Daktari Maram hakumkaripia. Alisema tu kwamba mtoto akigeuka uso ghafla, au mkono ukalegea, au maneno yakapotea, asipewe kitu chochote kinywani, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja alale wala aamke. Swafiya angependa akaripiwe. Karipio lingemuumiza kidogo kuliko upole ule.

Walimbadilisha Rawiya damu. Walimtoa ya kwake kidogo kidogo, wakamtia ya watu wazima wa afya. Fahmi alikunja mkono wa shati akasema yeye babake yuko tayari, wamtoe hata yote. Hapo ndipo walipopimwa, na hapo ndipo walipoambiwa kwamba damu yao haifai. Kila mmoja wao alibeba ile chembe nusu, bila kuugua, bila kujua. Mtoto aliyepewa nusu ya baba na nusu ya mama ndiye anayeugua. Damu ya kumwokoa Rawiya ingetoka kwa mtu yeyote mzima wa kundi lake la damu barabarani, si kwa wao wawili waliomzaa.

Fahmi alitoka nje akasimama kwenye jua.

Waliporudi Pate, Rawiya alikuwa anatembea kwa kuburura mguu na alikuwa na maneno machache: mama, la, na jina la mdogo wake, Shukri, ambalo alilisema "Shu". Wanawake walikuja kumwona. Walileta mikate ya mofa na dua, wakalia, wakaulizana kwa minong'ono ni nani aliyemfanyia mtoto jambo hili. Swafiya aliwaeleza habari ya damu. Waliitikia kwa kichwa, kisha wakauliza tena ni nani.

Bi Tima peke yake hakuuliza. Alingoja wageni waondoke, akamwambia mwanawe, "Fahmi, hebu nieleze tena hayo ya mundu." Fahmi alimweleza, kwa hasira, akimaliza kwa kusema kwamba katika ukoo wao hakujawahi kuwa na ugonjwa wa namna hii, na daktari aseme atakavyo.

Bi Tima alisokotasokota ncha ya leso.

"Hussam," alisema hatimaye.

Hussam alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kabla Fahmi hajazaliwa. Fahmi alimjua kwa jina tu.

"Viganja vyake vilikuwa vikivimba," alisema mama mtu. "Akililia mifupa. Kisha siku moya akaamka uso umekwenda hivi." Alijivuta shavu kwa kidole. "Wakasema ni jini wa kisimani. Nami niliamini. Miaka yote hii nimekuwa nikimlaani jini." Akaanza kulia, mzee yule, kilio cha maiti aliyezikwa miaka arubaini iliyopita. Swafiya alimshika mabega. Walikuwa wanawake wawili katika chumba kimoja na kila mmoja alikuwa amekaa kando ya mtoto akingoja aamke.

Tangu hapo maisha yao yakawa ya damu. Kila mwezi ilibidi Rawiya apelekwe Amu akaongezwe, ili zile chembe zake zizidiwe na za watu wengine, maana Daktari Maram aliwaonya wazi kwamba aliyepata kiharusi mara moja kwa ugonjwa huu huwa karibu sana na cha pili. Shukri naye alipimwa. Swafiya aliomba Mungu kwa namna ambayo hajawahi kuomba, na majibu yakaja, naye anao. Akaanzishwa vidonge vya kila siku, na akapangiwa kupelekwa Mombasa kusikilizwa mwendo wa damu kichwani kwa mashine, ili hatari ionekane kabla haijafika. Kwa Rawiya mashine ile ilikuwa imechelewa.

Kulikuwa na miezi mizuri. Isisemwe haikuwepo. Mwalimu wa mazoezi ya viungo pale Amu alimfundisha Rawiya kufunga kifungo kwa mkono mmoja. Maneno yaliongezeka, yakatoka mojamoja, kila moja kama mzigo anaoutua. Siku moja, ndani ya boti, aliigiza sauti ya nahodha akimfokea abiria. Ilikuwa sauti tu, maneno nusu hayakueleweka, lakini boti nzima ilimtambua yule nahodha na ikacheka, na nahodha mwenyewe akacheka. Swafiya alijifunika uso kwa buibui ili watu wasimwone analia kwa furaha.

Lakini damu haikuwa jambo la kutegemewa. Kuna mwezi ilipatikana, kuna mwezi waliambiwa ya kundi lake haipo, warudi wiki ijayo. Fahmi alizunguka Amu na Faza akiwasihi jamaa na marafiki watoe. Mara ya kwanza walikuja wengi. Mara ya pili wachache. Baadaye watu walianza kuwa na safari, kuwa na mafua, kuogopa sindano. Hakuna aliyekataa kwa mdomo. Fahmi alikuwa akirudi jioni anakaa kizingitini, na mkewe akiuliza, anasema, "Wamesema inshallah."

Kisha Rawiya akashikwa na homa, wakashindwa kusafiri. Alipopona damu haikuwepo. Iliposemekana ipo, ilikuwa imeingia kwa mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, na Swafiya, alipoambiwa hivyo, hakupata hata mtu wa kumkasirikia.

Cha pili kilikuja asubuhi, mamake akimsuka nywele. Safari hii Swafiya hakungoja chochote. Kichwa cha mtoto kilipomlalia mkononi kwa uzito usio wa kawaida, aliachia chanuo, akamlaza ubavu, hakumpa maji, hakumwita shehe, alipiga kelele moja tu ya kuita pikipiki. Boti ilikuwa tayari gatini. Alifanya kila alichofundishwa, kwa mpangilio aliofundishwa, haraka kadiri kisiwa kinavyomruhusu mtu kwenda haraka. Walifika Amu, walifika Mombasa, damu ikapatikana.

Haikusaidia. Au ilisaidia kumbakisha hai, kama alivyosema Daktari Maram.

Safari hii ni upande wa pili wa ubongo. Rawiya hatembei. Hasemi mama, wala la, wala Shu. Hulishwa uji mzito kwa kijiko kidogo, akiwa ameinuliwa kichwa, na huchukua muda mrefu kumeza. Mara nyingine mwili wote humkakamaa akatetemeka. Macho yake humfuata mamake chumbani, na ni hilo linalomvunja Swafiya kuliko yote, kwa sababu hajui nyuma ya macho yale kuna kiasi gani cha Rawiya, kama yuko mzima ndani akiwa na maneno yake yote na hana mlango wa kuyatolea. Amemuuliza daktari. Daktari amesema hajui.

Alfajiri moja, baada ya kuswali, alimwambia mumewe, "Sina tena cha kumuomba Mungu. Nikiomba apone, najua hatapona. Nikiomba apumzike, nitakuwa mama gani?"

"Usiombe kitu," alisema Fahmi. "Kaa tu."

Wakakaa.

Kazi ya maharusi ameiacha. Si kwa kususa. Rawiya hakubali kijiko kutoka mkono wa mtu mwingine, na Bi Tima sasa mikono haimtii. Waliokuja kumwita amewaelekeza kwa wasichana wengine, na hina yake amemgawia mmoja wao.

Mwaka huu Daktari Maram alikuja Amu, akaitisha mkutano wa kina mama wenye watoto wa selimundu, akamwomba Swafiya aje awaeleze aliyoyapata. Swafiya hakutaka. Fahmi alimwambia aende, yeye atamlisha Rawiya hata kwa kutumia siku nzima. Akaenda.

Chumba kilijaa. Wengine walitoka Faza, wengine Kililana, wengine wana watoto wachanga vifuani ambao ndio kwanza wamepimwa. Swafiya alisimama mbele yao akasema kwa sauti ndogo. Aliwaambia kiharusi si cha wazee peke yao. Aliwaeleza uso unavyokuwa, akauvuta wa kwake ili waone. Aliwaambia wasimtie mtoto kitu kinywani, wasimwache alale, wasingoje boti ya kesho kama ipo ya leo. Aliwaambia wawasomee watoto wao Kurani ndani ya boti, si nyumbani. Mlango wa chuo na mlango wa hospitali haigombani, alisema, ila wa hospitali haungoji.

Mama mmoja kijana, amempakata mtoto wa kiume aliyelala, aliinua mkono.

"Bi Swafiya, na mwanao sasa amepona?"

Daktari Maram alifanya kama anataka kuingilia. Swafiya alimtazama yule mama, akamtazama mtoto wake, viganja vyake vidogo vimevimba kidogo.

"La," alisema.

Muuguzi alianza kueleza habari za vidonge. Swafiya alichukua mkoba wake, akaaga kwa ishara, akashuka kuelekea bandarini kutafuta boti ya kurudi Pate, maana Rawiya alikuwa hajala.